Abushiri wa Pangani: Somo kwa Maafisa wa Kesho

Wanafunzi wa mambo ya vita katika nchi nyingi wamepata kulisikia jina la Tanga. Husomeshwa habari za tarehe 2 hadi 5 Novemba, 1914, wakati Jenerali Aitken wa Uingereza alipoleta kutoka Bara Hindi jeshi la watu wapatao 8,000, akashindwa na askari kama 1,000 wa Mdachi. Manowari ilitangulia kuingia bandarini mchana kweupe kuwaarifu Wadachi kwamba mji usiposalimu utashambuliwa. Jenerali mwenyewe hakutuma wapelelezi wa kutosha kuitazama nchi, na wakati askari wake walipokuwa wakishuka pwani polepole, von Lettow-Vorbeck alikuwa akiwaleta wake kwa gari la moshi kutoka Moshi. Waingereza waliondoka wakaacha nyuma bunduki, bombomu na risasi nyingi. Tangu hapo waalimu wa vita huitumia habari hiyo kuwaonya vijana kwamba wingi wa watu bila mpango ni hasara.

Somo hilo ni jema, lakini ni somo la wageni wawili waliogombania ardhi isiyo yao, na Waafrika wakafa kwa ajili ya ugomvi huo. Mwendo wa kilomita zipatazo 50 kusini ya Tanga uko mji wa Pangani, penye mdomo wa mto. Huko alitokea mtu ambaye maisha yake yana somo la vita lililo letu wenyewe, nalo lilitangulia vita vya Tanga kwa miaka ishirini na mitano. Mtu huyo ni Abushiri bin Salim al-Harthi, aliyenyongwa mjini humo tarehe 15 Desemba, 1889. Kijana anayefunzwa uafisa huko Monduli leo, na kila mtu aliyepewa dhamana ya kuwaongoza wenziwe, yafaa ayatazame maisha hayo kwa makini, ayajue mema yake na makosa yake, maana yote mawili yana faida.

Abushiri alizaliwa na baba Mwarabu wa ukoo wa Harthi na mama Mgalla. Waharthi walikuwa wakazi wa siku nyingi katika pwani hii, wala hawakupendezwa na kutawaliwa na nyumba ya Busaidi iliyokaa Unguja. Mwaka 1859 wakubwa wa ukoo huo walimwunga mkono Sayyid Barghash alipotaka kumpindua nduguye, Sayyid Majid. Jaribio lile lilishindwa, Barghash akahamishiwa Bombay, na Waharthi wakaadhibiwa. Chuki ile haikwisha, naye Abushiri aliirithi. Alikwenda safari za bara kama walivyofanya watu wa cheo chake, akazijua njia za misafara na watu waliokaa kando yake. Halafu alikaa katika bonde la Pangani akalima miwa, akawa mtu mwenye mali na wafuasi, asiyekubali kuamrishwa na Sultani wala na liwali wake.

Hapa yapasa kusema kweli bila kuficha. Miwa ile ya Pangani ililimwa na watumwa, na Abushiri alikuwa mmoja wa mabwana waliowamiliki. Hatuwezi kumfanya mtu huyu awe asivyokuwa. Aliingia vitani akiwa na mali ya kulinda na heshima ya ukoo ya kutetea. Lakini vita alivyoviongoza vilikuwa vikubwa kuliko mali yake, kwa sababu waliovipigana hawakuwa matajiri peke yao. Walikuwamo wakulima, wapagazi, wavuvi, mafundi, majumbe wa miji na vijana wa Kizigua na Kibondei. Jinsi alivyowapata watu hao na jinsi alivyowapoteza ndiyo habari yenyewe ya maisha yake.

Sayyid Barghash alikufa Machi 1888. Aliyemfuata, Sayyid Khalifa, alitia sahihi tarehe 28 Aprili mwaka ule ule mkataba ulioipa Kampuni ya Kidachi ya Afrika ya Mashariki haki ya kuitawala Mrima kwa muda wa miaka 50, kwa jina la Sultani. Wenye nchi hawakuulizwa. Katikati ya mwezi wa Agosti mawakala wa Kampuni waliingia katika miji ya pwani na amri zao za ushuru, kodi na kuandikisha ardhi. Watu waliokuwa wamelima mashamba ya babu zao waliambiwa walete uthibitisho kwamba mashamba ni yao. Majumbe ambao tangu zamani walikuwa na haki yao katika biashara ya misafara waliona haki hiyo imehamia mkononi mwa karani mgeni.

Mjini Pangani wakala wa Kampuni alikuwa Emil von Zelewski, kijana mwenye kiburi, yule ambaye baadaye alijulikana kwa jina la Nyundo na akauawa na Wahehe wa Mkwawa huko Lugalo, Agosti 1891. Zelewski alitaka bendera ya Kampuni ipandishwe, na liwali alipokataa kumtii, akaita askari wa manowari washuke mjini. Mambo hayo yalitukia siku za Idi ya Kuchinja. Askari wale waliingia hata msikitini wakimtafuta liwali, wakaivunja heshima ya nyumba ya ibada mbele ya watu waliokuja kusali. Manowari ilipoondoka, Zelewski alidhani kazi imekwisha. Hakujua kwamba katika asubuhi moja alikuwa ameunganisha watu ambao wenyewe kwa wenyewe hawakuwahi kuungana.

Mapema Septemba watu wa Pangani na wa mashamba waliwazingira mawakala wa Kampuni ndani ya nyumba yao. Tanga nako mashua ya manowari ya Kidachi ilipigwa risasi, na Wadachi wakaupiga mji kwa mizinga. Kilwa, mawakala wawili waliuawa. Hata Jenerali Mathews, Mwingereza aliyekuwa mkuu wa askari wa Sultani, aliyewatoa Zelewski na wenziwe wakiwa hai, naye alifukuzwa Pangani mwezi ule ule. Mwezi wa Septemba ulipokwisha, katika pwani yote ya kutoka mto Umba hadi Ruvuma, Kampuni ilibaki na miji miwili tu, Bagamoyo na Dar es Salaam, nayo ilishikwa kwa msaada wa mizinga ya manowari.

Vita hivyo havikuanzishwa na Abushiri. Vilianzishwa na umati wenye hasira, naye akatokea katikati yake. Afisa wa kesho yafaa aitafakari hali hiyo, maana mara nyingi kiongozi hukuta jambo limekwisha kuwaka. Abushiri alipokubaliwa kuwa mkubwa wa vita mjini Pangani alikuwa na sifa tatu ambazo wengine hawakuwa nazo. Ya kwanza, alijulikana kuwa hana urafiki na Sultani aliyeiuza pwani. Ya pili, alizijua njia za bara. Ya tatu, aliweza kuizuia hasira ya watu isiende ovyo. Katika siku zile za hatari, Askofu Smythies wa misheni ya Kiingereza, iliyokuwa na kituo Magila katika nchi ya Bondei, alilindwa naye mjini Pangani wakati umati ulipokuwa umekasirika. Msafiri Hans Meyer na mwenziwe Oscar Baumann, waliokamatwa walipokuwa wakitoka Usambara, walitozwa fidia wakaachiliwa. Meyer ndiye aliyefika kilele cha Kilimanjaro mwaka uliofuata. Abushiri alijua kwamba adui wake ni Kampuni, akakataa kumfanya kila Mzungu kuwa adui. Kwa mtu asiyewahi kukaa katika chuo chochote cha vita, hiyo ilikuwa busara kubwa, kwa sababu mwenye vita asiyejua mpaka wa vita vyake hujiongezea maadui bila faida.

Lakini busara ile ile ilimletea matatizo. Miongoni mwa watu wa Pangani walikuwapo waliomshuku kwa kuwalinda Wazungu. Matajiri wenye mashamba, nao, walianza kutamani mapatano ili biashara irudi. Majumbe walitaka haki zao za zamani. Wakulima na vijana wa bara walitaka kuona kila bwana mpya ameondoka. Kila kundi lilishika bunduki kwa sababu yake, na hapakuwapo baraza lililokaa likaafikiana juu ya jambo moja: vita hivi vikishinda, nchi itakuwaje? Huo ulikuwa upungufu wa kwanza katika mpango wa Abushiri. Alikuwa na watu, alikuwa na sababu, lakini hakuwa na lengo moja lililokubaliwa na wote. Jeshi lisilo na lengo moja hushinda siku ya kwanza kwa ghadhabu, na siku ya pili kila mtu huulizia nyumbani kwake.

Upungufu wa pili ulikuwa wa amri. Saadani ilikuwa na mkubwa wake, Bwana Heri bin Juma, Mzigua shujaa aliyekwisha kuwashinda askari wa Sultani kabla ya Mdachi kuja. Uzaramo ilikuwa na wakubwa wake, na Kilwa na Lindi pia. Mji mmoja ulipopigwa, mingine ilikaa ikisikiliza. Adui, kwa upande wake, alikuwa na manowari zilizoweza kutoka mji huu hadi mji ule kwa siku moja. Aliyekuwa na watu wachache aliweza kuwakusanya mahali pamoja, na waliokuwa wengi walipigwa mmoja mmoja.

Mwishoni mwa mwaka 1888 Abushiri aliondoka Pangani na wafuasi wake, akaenda kuushambulia mji wa Bagamoyo. Watu wa huko walikwisha kujaribu mwezi wa Septemba, wakaja kwa maelfu, na askari wa manowari wakaua zaidi ya mia moja. Abushiri alikuja na mpango bora zaidi. Alijenga boma mahali paitwapo Nzole, karibu na mji, lenye ukuta wa magogo na handaki. Kutoka hapo aliziba njia za misafara na kuushambulia mji mara kwa mara mwezi wa Desemba, mpaka sehemu kubwa ya Bagamoyo ikawa magofu. Alipatana na mapadre wa misheni ya Kikatoliki kwamba hatawagusa, na maelfu ya wakimbizi wakapata hifadhi katika shamba lao. Tarehe 13 Januari, 1889, watu wa upande wa vita waliishambulia misheni ya Wabenediktini huko Pugu, wakaua watatu na kuchukua mateka. Mapadre wa Bagamoyo ndio waliozungumza na Abushiri mpaka mateka wale wakakombolewa kwa fedha.

Boma la Nzole lilikuwa kazi nzuri ya fundi wa vita wa zamani. Kwa vita vya Wanyamwezi au vya askari wa Sultani lingetosha. Lakini Abushiri alikuwa akipigana na watu wenye mizinga, na mbele ya mzinga boma ni alama inayomwonyesha adui mahali pa kulenga. Zaidi ya hayo, bahari ilibaki mikononi mwa adui. Bagamoyo ingeweza kuzingirwa kwa upande wa bara mwaka mzima, na chakula, risasi na watu wapya wangeingia kwa upande wa maji. Kumzingira adui ambaye mlango wake wa nyuma u wazi ni kujichosha bure. Afisa anayeweka mpango hana budi kujiuliza kwanza adui apata wapi nguvu zake, na kama njia ile yaweza kufungwa. Ikiwa haiwezi, basi mpango ubadilishwe, adui avutwe mbali na njia yake, mahali ambapo mizinga yake haifiki.

Wakati Abushiri alipokuwa amekaa Nzole, wenzake upande wa pili walikuwa wakifanya mpango wao bila haraka. Ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Tangu Desemba 1888 manowari za Ujerumani na Uingereza ziliizingira pwani, kwa hoja ya kuzuia biashara ya watumwa, na hivyo baruti ikazuiwa. Mwezi wa Januari 1889 Bunge la Ujerumani lilitoa marki milioni 2 na kumpa kazi Hermann von Wissmann, mtu aliyekwisha kuivuka Afrika na kuijua. Wissmann hakuja na jeshi la Wazungu. Alikwenda Misri akaandika Wasudani wapatao 600, waliokwisha kufunzwa uaskari, akachukua na Washangani kutoka Msumbiji, walioitwa Wazulu. Aliwapanga katika kombania chini ya maafisa na makapteni, kila mmoja akijua nani wa kumtii. Alifika pwani mwishoni mwa Machi.

Na wakati huo huo, Abushiri alifanya kosa ambalo huenda ndilo lililokuwa kubwa kuliko yote ya kivita. Alikubali kusimamisha vita. Jemadari wa manowari za Kidachi, Deinhard, alizungumza naye juu ya amani, na kwa wiki nyingi bunduki zikanyamaza. Mwenye kutaka amani halaumiwi. Lakini Abushiri alinyamaza bila kutumia muda ule. Hakuhamisha watu wake kutoka bomani, hakuwaita Bwana Heri na wenziwe wafanye shauri moja, wala hakuweka ghala la chakula na baruti katika nchi ya ndani. Kwa Mdachi zile zilikuwa wiki za kushusha watu na mizinga na kufunza gwaride. Kwa Abushiri zilikuwa wiki za kungoja. Mapatano ya namna hiyo humfaa yule anayejiandaa.

Tarehe 8 Mei, 1889, Wissmann aliona yu tayari, akaliendea boma la Nzole. Mizinga ilianza, na baada ya muda Wasudani na mabaharia wakaupanda ukuta. Watu wa Abushiri zaidi ya mia moja walikufa humo. Yeye mwenyewe aliponyoka, lakini mizinga yake, vyombo vyake na heshima yake vilibaki. Mwezi wa Juni Saadani ilipigwa. Tarehe 8 Julai Pangani ilianguka, na siku chache baadaye Tanga. Miji iliyoasi kila mmoja kwa wakati wake ilianguka kila mmoja kwa wakati wake.

Mtu mwepesi wa kukata tamaa angekimbilia Unguja. Abushiri hakukimbia, na hapa twaona ubora wake wa kivita. Alikwenda bara. Mwezi wa Juni alikishambulia kituo cha Wadachi cha Mpwapwa, akaua Mdachi mmoja na kukichoma kituo. Kwa mara ya kwanza alipiga mahali ambapo manowari hazifiki. Wissmann alilazimika kupanda bara na sehemu kubwa ya jeshi lake ili aifungue njia ya misafara. Abushiri alingoja mpaka adui yake akawa mbali, halafu akageuka na kushuka kuelekea pwani iliyobaki na askari wachache. Kumvuta adui upande mmoja na kumpiga upande mwingine ni mpango ambao mwalimu yeyote wa vita angeupa alama nzuri.

Lakini tuulize: ni nani waliokuwa pamoja naye katika safari ile? Watu wa pwani walikwisha kutawanyika. Abushiri alikuwa amewaomba msaada Wamafiti wa kusini, watu wa vita waliojifunza mbinu za Wangoni, nao wakaja kwa maelfu. Hakuwa na mishahara ya kuwalipa wala chakula cha kuwalisha. Malipo yao yalikuwa yale watakayoyateka. Na baina yao na Bagamoyo kulikuwa na vijiji vya Uzaramo.

Wapiganapo tembo, nyasi huumia. Mzaramo aliyekuwa na shamba la mihogo na kuku wachache hakuletewa uhuru na jeshi lile. Aliletewa moto. Nyumba zilichomwa, vyakula vilichukuliwa, watu waliuawa, na wanawake na watoto walitekwa. Wazaramo ambao mwaka uliotangulia walikuwa maadui wa Kampuni walikimbilia kwa Wadachi kuomba ulinzi na kuleta habari za mahali walipo wavamizi. Oktoba 1889, mahali paitwapo Yombo, von Gravenreuth aliyeachwa kulinda pwani aliwakuta Wamafiti akawashinda. Nao, kwa kuwa walikuja kwa ajili ya mateka, walirudi kwao. Hapakuwa na jambo jingine la kuwafunga kwa Abushiri.

Hivyo mpango uliokuwa mzuri katika ramani uliharibika katika vijiji. Abushiri alikuwa amefikiri juu ya njia, juu ya siku na juu ya adui. Hakufikiri juu ya mkulima aliye kando ya njia. Yule aliyewalinda wageni mjini Pangani asikubali waguswe, hakuwalinda Wazaramo. Huenda alijiambia kwamba haja ya vita ni kubwa kuliko mashamba ya watu, na kwamba wakishinda watasahau. Viongozi wengi wa majeshi wamejiambia hivyo kabla yake na baada yake. Lakini jeshi linalopigana bila manowari, bila mizinga na bila hazina halina ghala jingine ila wananchi. Hao ndio chakula chake, wapelelezi wake, waganga wake na maficho yake. Likilichoma ghala hilo kwa mkono wake, limekwisha hata kabla adui hajafika.

Yaliyofuata hayakuwa ya ajabu. Abushiri alikimbia kaskazini na watu wachache, halafu na wachache zaidi. Wissmann alikuwa ameahidi fedha kwa atakayemkamata. Mwezi wa Desemba, akiwa amechoka na hana kitu, aliingia katika mji mmoja wa nchi ya ndani ya Pangani akitaka kujisitiri. Mwenye mji alimkamata, akawapelekea Wadachi habari, wakaja kumchukua. Walimpeleka Pangani, mji ule ule uliomfanya mkubwa wa vita miezi kumi na mitano kabla, wakamhukumu na kumnyonga tarehe 15 Desemba, 1889. Wapo wanaomlaani yule aliyemtoa, na usaliti ni usaliti. Hata hivyo afisa wa kesho asiishie hapo. Ajiulize kwa nini mtu aliyezungukwa na maelfu mwezi wa Septemba mwaka 1888 hakuwa na nyumba moja ya kumficha mwezi wa Desemba mwaka 1889.

Jibu laweza kuonekana kwa kumtazama Bwana Heri wa Saadani. Huyu alikuwa na bunduki zile zile, na adui wake alikuwa yule yule. Saadani ilipopigwa kwa mizinga hakung'ang'ania pwani. Alirudi nyuma katika nchi ya Wazigua, watu wake mwenyewe, akajenga boma Mlembule. Mwisho wa Desemba 1889, siku chache baada ya Abushiri kunyongwa, aliwafukuza Wadachi waliokuja kumshambulia. Mapema Januari Wissmann mwenyewe alikuja na nguvu kubwa akalitwaa boma, lakini Bwana Heri akaponyoka akajenga jingine mbele. Alipigwa huko tena mwezi wa Machi, akaponyoka tena. Hakuna Mzigua aliyemwuza. Mwezi wa Aprili 1890, watu wake walipokuwa wakifa kwa njaa, alifanya mapatano akarudi Saadani na uhai wake na heshima yake. Hakushinda, maana nguvu za adui zilikuwa nyingi mno. Lakini aliwaongoza watu wake mpaka mwisho, na alipoona kwamba kuendelea ni kuwaua bure, alijua kusimama. Kujua siku ya kusimama nako ni sehemu ya uongozi, tena ngumu kuliko kuanza.

Baada ya hayo pwani ilinyamaza. Miji ya kusini ilitwaliwa mwezi wa Mei 1890, Sultani akapewa marki milioni 4 kwa Mrima yake, na tangu tarehe 1 Januari, 1891, Serikali ya Ujerumani ikaishika nchi badala ya Kampuni. Hata hivyo habari za vita vile hazikupotea. Hemedi bin Abdallah al-Buhriy, mshairi wa pwani ya Tanga aliyeishi siku zile, alizitunga katika utenzi wa vita vya Wadachi kuitamalaki Mrima, na kwa njia hiyo watoto wa pwani waliurithi ushahidi wa upande wao, usioandikwa na afisa wa Kidachi.

Jeshi la Wananchi la Tanzania liliundwa tarehe 1 Septemba, 1964, baada ya askari wa jeshi lililorithiwa kwa Waingereza kuasi mwezi wa Januari mwaka ule. Jina lile lilichaguliwa kwa kusudi. Jeshi la wananchi maana yake ni jeshi linalojua kwamba lilitoka kwa watu na litarudi kwa watu. Mtu anayesoma maisha ya Abushiri huelewa kwamba jina hilo lina kazi ya kivita, mbali na uzuri wake. Kijana wa uafisa atafundishwa kusoma ramani, kutuma wapelelezi, kugawa watu wake, kuweka akiba nyuma, kupanga risasi na chakula na kutoa amri fupi isiyo na utata. Yote hayo ni ya lazima, na Aitken aliyeyapuuza alilipa mjini Tanga. Lakini katika kila mpango na aongeze swali moja ambalo haliandikwi katika ramani: mkulima tutakayempita njiani, kesho asubuhi atakuwa upande gani?

Na swali hilo si la maafisa wa jeshi peke yao. Kiongozi wa tawi, msimamizi wa kiwanda, katibu wa ushirika, mnyapara wa bandari ya Tanga au wa shamba la mkonge, kila mmoja ana mpango wake na kila mmoja ana watu kando ya njia yake. Yu rahisi kuwaona kuwa vyombo vya kufikia lengo. Mtu akiwatumia hivyo, aweza kupata ushindi wa siku chache, kama Abushiri alivyoupata Mpwapwa. Halafu zitakuja siku za dhiki, naye atabisha hodi katika nyumba ya mtu aliyemdhulumu.

Mto Pangani bado unamwaga maji yake baharini pale pale, na wavuka kwa pantoni kwenda Bweni hupita karibu na mahali Abushiri alipomaliza maisha yake. Alikuwa mtu jasiri, mwenye akili ya vita, asiyekubali nchi iuzwe kwa sahihi ya mtu aliye mbali. Kwa hayo anastahili kukumbukwa. Na kwa ajili ya vijiji vya Uzaramo vilivyoungua mwaka 1889, anastahili pia kusomwa kwa uangalifu na kila kijana atakayevishwa nyota begani.